Mkanda wa Tatu Kwanza

Miaka ile ya mwanzo baada ya vita, nyumbani kwetu Bukoto, Kampala, hapakuwa na mtu aliyejua kutulia. Mama alikuwa akikaa, ndiyo, lakini mguu wake ulikuwa kwenye pedeli ya cherehani tangu asubuhi, na hata cherehani iliponyamaza mguu uliendelea kukanyaga hewa. Mdogo wangu wa kiume alikuwa anakula amesimama. Mimi nilikuwa na tabia ya kufungua mlango nichungulie nje, niufunge, kisha niufungue tena, mpaka jirani akamuuliza Mama kama kuna mgeni tunamngojea. Mama akamjibu kwamba wageni ni sisi.

Hakukosea. Tulikuwa tumerudi kutoka ukimbizini Morogoro na cherehani, godoro na Kiswahili. Godoro liliisha upesi. Kiswahili ndicho kilichotusumbua, maana Kampala kwa miaka mingi kilikuwa lugha ya kizuizi cha barabarani: lala chini, toa saa, mume wako yuko wapi. Mimi nakwenda sokoni na adabu zangu zote za Morogoro, namwambia mama wa nyanya, "Shikamoo mama, naomba fungu moja," naye kabla ya kuitikia ananitazama mikononi aone nimeshika nini. Kwa hofu aliniuzia fungu kubwa kuliko la wenzangu na sikufurahi hata kidogo. Mama, ambaye Kiganda alikinyonya kwa mama yake, alicheka alipoliona. Akasema nikitaka kupunjwa kama binadamu wengine nijifunze kusema "nnyabo" badala ya "mama".

Baba hatukurudi naye. Aliondoka Morogoro na wenzake sisi tukiwa wadogo, akaenda kuipigania nchi yake, na kilichorudi ni habari tu, iliyoletwa na mtu aliyekunywa chai, akalia, akaondoka. Kaburi hatuna. Nyumbani tulikuwa tunasema "baba yenu alijitolea," basi. Maneno hayo yalikuwa kama lile sufuria kubwa la sikukuu: yako juu ya kabati, kila mtu anayaona, hakuna anayeyashusha.

Mdogo wangu alikuwa amemaliza kidato cha nne katika shule moja kongwe upande wa Mengo. Kazi hakuna, chuo hakuna, na miguu inamwasha. Akajiunga na yale mafunzo ya siasa waliyoyaita chaka mchaka, ambapo vijana walikimbia asubuhi wakiimba kwa Kiswahili, kisha wakakalishwa kwenye nyasi kufundishwa historia ya nchi na namna ya kufungua bunduki na kuifunga. Ghafla Kiswahili chetu, kilichokuwa kinatutia aibu sokoni, kwake kikawa lugha ya watu wenye kusudi. Alikuwa anarudi koo limekauka, macho yanawaka, anauliza maswali mezani ambayo hakusubiri majibu yake. Vita Kampala ilikuwa imekwisha, lakini kaskazini ilikuwa inaendelea. Siku moja akasema ataandikishwa jeshini. Lori lingekuja uwanjani kuchukua vijana Jumatatu, wiki mbili baadaye.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akakata uzi kwa meno.

"Wewe sasa ni mtu mzima," akasema.

Ni hayo tu. Nilimfuata uani alipokwenda kuanua nguo. Nilimuuliza kama amesikia vizuri alichoambiwa.

"Nimesikia, mwanangu."

"Na humkatazi?"

"Shika huo upande wa shuka."

Nikaushika, tukakunja, nami nilitamani kuichana ile shuka vipande vipande. Nilimjua mdogo wangu. Alikuwa anajigamba mbele ya wenzake lakini kwa Mama alikuwa bado mtoto wa kubembelezwa. Neno moja tu la Mama lingemzuia. Alipita mbele yake mara ngapi wiki ile bila sababu, akikohoa, akisogeza kiti, akingoja aambiwe. Mama akashona. Nilimchukia kwa ule ukimya wake. Nasema wazi, nilimchukia, na huku nikimpikia chai.

Wakati huo nilikuwa mpiga chapa katika kituo cha utamaduni cha Wasovieti, kazi niliyoipata kwa sababu nilijua mashine na sikuogopa Wazungu. Mambo huko kwao yalikuwa yameanza kulegea, na hata sisi wa chini tuliyahisi: chai ilipungua, vitabu vikaanza kufungwa makashani, mkuu wetu akawa anasimama dirishani muda mrefu mikono nyuma. Lakini filamu ziliendelea kuonyeshwa kila wiki, kwa mlinzi, kwangu mimi, na kwa mtu mmoja tuliyemwita Daktari.

Daktari alikuwa daktari wa mifugo. Alisomea hukohuko kwenye theluji, akarudi na shahada na koti zito, akakuta nchi haina pesa za kutibia ng'ombe. Basi akawa anadunga kuku na nguruwe sindano Kamwokya, mtaa wa jirani, na jioni anakuja kituoni kusikia Kirusi. Filamu ikianza alitufasiria kwa sauti ya chini, mimi na mlinzi, huku akisaga karanga mdomoni.

Filamu moja kati ya hizo haikuwa maarufu hata kwao, Daktari mwenyewe alisema hakuwahi kuisikia. Haikuwa na rangi, nayo ilikuwa ya mikanda mitatu. Ilihusu vijana wa mji mdogo wakati Warusi wanapigana wenyewe kwa wenyewe: msichana aliyekata nywele kama mvulana, kijana wa miwani iliyofungwa uzi sikioni, na mwingine mnene mwenye kinanda cha mkononi ambaye alikuwa anacheka hata asipochekeshwa. Mkanda wa kwanza wanaaga nyumbani na kupanda treni wakiimba. Mkanda wa pili wako kijijini, wanafundisha wazee kusoma, wanagombana kuhusu nafaka za watu, mmoja anaoa. Mkanda wa tatu wanazingirwa kwenye tanuri la matofali, theluji inaanguka, na wanakufa mmoja baada ya mwingine, mwenye kinanda akiwa wa mwisho. Niliitazama mara mbili kituoni. Mara ya pili nilitoka kabla ya treni, kwa sababu nilikwishajua inakowapeleka.

Daktari aliipenda mno. Akaomba aiazime, na kwa kuwa kituo kilikuwa kinafunga vitu vyake wala hakikujali tena nani anachukua nini, akaibeba pamoja na mashine ya kuonyeshea, akaipeleka kwenye kibanda cha video Kamwokya.

Sasa, asiyevijua vibanda vya Kampala ni lazima nimweleze. Ni chumba cha mbao na mabati, mabenchi, giza, na joto la watu. Filamu humo haijisemei. Kuna mtu mwenye kipaza sauti anayesimama kando na kuifasiri papo hapo, na si kufasiri tu: anaongeza chumvi, anawapa wahusika tabia za majirani, anamtukana adui, anamwonya shujaa. Mfasiri hodari alikuwa anapendwa kuliko filamu yenyewe. Kibanda hiki cha Kamwokya kilikuwa cha Mkongo mmoja kutoka Bukavu, na waliokijaza walikuwa Wakongo wenzake wa soko la vitenge, Wakenya wa kiwanda cha mikate, na askari wasio zamu, kwa hiyo lugha yake ilikuwa Kiswahili cha kila namna. Daktari ndiye alikuwa mfasiri wao wa mwisho wa juma. Nguruwe na kuku siku za kazi, mashujaa Jumamosi.

Mdogo wangu alikwenda kuitazama Jumamosi moja kabla ya ile Jumatatu ya lori, yaani zikiwa zimebaki siku tisa hivi. Alirudi akiwa hakanyagi chini.

"Dada, ungeiona!" alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi akaketi. "Inaanza na baba zao. Wamezingirwa kwenye tanuri, baridi kali, wanapigana mpaka wa mwisho. Wanakufa wote. Wote, dada! Halafu wanakuja watoto wao. Sura zilezile kabisa, damu haipotei. Wanafundisha vijijini, wanaoana, nchi ni yao. Na mwisho wanapanda treni kwenda kuijenga, wanaimba. Kibanda kizima kilisimama."

Niliuliza watoto gani.

"Watoto wa wale waliokufa. Daktari alieleza." Akavuta pumzi. "Dada, baba zao walikufa ili wao wapande treni. Mimi Baba kanifia, na nimekaa Bukoto nafukuza nzi."

Katika filamu ile hakuna watoto. Aliyekufa tanurini na anayecheka kwenye treni ni mtu mmoja. Mtu fulani alikuwa amewaonyesha kinyumenyume, na mdogo wangu alikuwa anafungasha nguo zake kwa sababu hiyo. Sikumwambia. Angesema nasema hivyo kwa kuwa sitaki aende, na kweli sikutaka. Alitakiwa aone kwa macho yake.

Kesho yake, ingawa ni Jumapili, nilimkuta Daktari nyuma ya soko la Kamwokya ameshika nguruwe mguu, sindano mdomoni. Nilianza kumfokea kabla hajamaliza. Nguruwe akapiga kelele, nami nikapaza sauti zaidi.

"Nnyabo, ngoja kwanza," alisema alipoitoa ile sindano. "Si mimi. Ile Mkongo alianza na mkanda ya tatu. Mimi nasimama pale na maiki, mtu nakufa mbele yangu, halafu mkanda mwingine huyohuyo iko harusi nacheka. Watu naniangalia. Mimi nasema nini? Nasema amefufuka? Hii si Pasaka."

"Ukasema ni mtoto wake."

"Ilikaa sawa," alisema, na ilionekana wazi bado anajivunia. "Wote walifurahi. Na hapa Kampala, nani hana baba alikufa kwa vita? Ilikaa sawa sana, banange."

Ndilo lililoniuma. Kweli ilikaa sawa. Ilikaa sawa kuliko filamu yenyewe.

Tukamwendea mwenye kibanda. Alikuwa anakung'uta mabenchi, maana Jumapili asubuhi kibanda kilikuwa kanisa la Wakongo wenzake. Nilimuuliza kwa nini alianza na mwisho, na alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini anaingia nyumbani kwake kwa mlango.

"Dada, hapa kwetu tunaanzaka na bunduki," alisema. "Mutu anapita kwa barabara, kama hasikie bunduki, haingiake. Ile ya kuagana na mama, ya kulia, nani atalipa? Halafu tunamalizaka na wimbo, batu barudi kwao na roho muzuri, basivunje viti."

Filamu zote alizifanyia hivyo. Za kupigana ngumi hazikudhurika, kwani ngumi ni ngumi, ianze ipi. Nikamwomba Jumapili ijayo, baada ya ibada, aionyeshe kama ilivyo: wa kwanza kwanza. Akakataa. Nikamweleza kuhusu mdogo wangu. Akasikitika kwa dhati, akasema "pole sana, mama," na akakataa tena, kwa kuwa biashara ni biashara. Ndipo nikamkumbuka dubu. Kituoni tulikuwa na filamu ya sarakasi ya dubu wanaoendesha baiskeli. Nikamwahidi nitamletea hao dubu, aanze nao popote anapotaka, hata kwa mikia. Uso wake ukafunguka.

Wiki ile sikulala vizuri wala sikukaa vizuri. Nilipiga chapa barua za kituo huku herufi zikirukana. Kila nikisikia injini ya lori barabarani nilisimama. Mdogo wangu naye aligawa vitu vyake: shati kwa rafiki, vitabu kwa mtoto wa jirani, na mkanda wa suruali akatoboa tundu jipya, kama vile jeshini watu wananenepa. Mama akamtengenezea suruali mbili kwa kitambaa kigumu. Alimpima kiuno kwa utepe bila kusema neno, naye mdogo wangu akasimama mikono juu, akimtazama utosini, akingoja. Nilitoka nje. Nilizunguka soko la Bukoto sikununua kitu.

Kumleta kibandani hakukuwa kazi. Nilipomwambia filamu itaonyeshwa tena Jumapili alirukaruka, akasema lazima Mama aje. Alitaka aone treni. Alifikiri Mama akiona wale watoto wanaimba atampa baraka, kwani ukimya nao ulikuwa umemchosha. Mama alikuwa hajawahi kuingia kibanda cha video; kwake palikuwa pango la wavivu. Lakini mwanawe alikuwa anaondoka kesho yake. Akaja na gauni lake la kanisani, akapangusa benchi kwa leso, akaketi katikati yetu.

Kibanda kilijaa hata bila bunduki, sijui kwa nini, labda kwa sababu mvua ilikuwa inatishia. Nyuma yetu waliketi askari wawili wenye kandambili. Mbele, wanawake wa Kikongo walikuwa bado wanaimba pambio la ibada chinichini. Mwenye kibanda akaziba nyufa za mbao kwa magunia, mashine ikaanza kukereza, na ukutani, kwenye mbao zilizopakwa chokaa, ukatokea ule mji mdogo.

"Leo," Daktari alisema kwenye kipaza sauti, "mimi nasema kama iko. Siongezi kitu."

"Wamekosea mkanda," mdogo wangu akanong'ona. "Hii ni ya mwisho." Akamwinamia Mama. "Mama, hawa ndio watoto. Baba zao tutawaona baadaye, wamechanganya."

Msichana aliwaaga wazazi wake. Mwenye miwani alikuwa anamtafuta paka wake amuage. Daktari alifasiri kila neno, kavu, bila mzaha. Wakafika stesheni. Moshi, watu, vitambaa vinapungwa, kinamama wamesimama pembeni na vikapu. Vijana wakaning'inia madirishani. Kinanda kikaanza. Wakaimba, na hata sisi tusiojua neno lake tulihisi kwamba ule ni wimbo wa kuondokea.

Nilihisi benchi linatikisika. Mguu wa Mama ulikuwa umeanza kukanyaga. Kisha akasimama.

"Shukeni!" alisema.

Nilidhani anaumwa. Nikamshika gauni. Akautoa mkono wangu.

"Shukeni, jamani! Nyie watoto, shukeni!" Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko ya Daktari. "Mbona hamna mtu wa kuwaambia? Nyie kinamama mmesimama tu mnaimba? Washusheni!"

Watu wakacheka. Askari mmoja nyuma akasema, "Huyu mama nagombana na ukuta?" na wakacheka zaidi. Daktari akateremsha kipaza sauti. Mashine haikujua kitu, ikaendelea kukereza, na treni ikaondoka. Mama akabaki amesimama, kivuli chake kimeziba nusu ya mabehewa, mpaka mmoja wa wanawake wa mbele akageuka, akamtazama usoni, na akaacha kucheka.

Kumbuka, Mama hakuwa ameona tanuri. Hakuna aliyemwambia mkanda wa tatu una nini. Nilikuwa nimepanga kila kitu ili mdogo wangu apigwe na ule mwisho, na mtu aliyepigwa alikuwa Mama, tena mwanzoni.

Alitoka. Nilimkimbilia, nikamkuta amekwishavuka barabara anaelekea Bukoto, mkoba kwapani, mbio kama aliyeacha chungu motoni. Alinipungia mkono nirudi. Nikasimama katikati, sijui nimfuate yeye au nirudi kwa mdogo wangu. Nikaenda hatua chache upande wa Mama, nikageuka, nikasimama mlangoni mwa kibanda. Humo ndani harusi ilipita, ugomvi wa nafaka ukapita. Bunduki zilipoanza kusikika nje, wapita njia wakaanza kuja, kama Mkongo alivyosema. Nilimwona mdogo wangu kwa mgongo. Hakugeuka hata mara moja. Mwenye kinanda alipokufa na Daktari akasema tu, "Amekufa. Filamu imekwisha," alibaki ameketi mpaka magunia yakaondolewa na mwanga ukaingia.

Tulirudi kwa miguu. Mvua haikunyesha. Nyumbani Mama alikuwa amevua gauni la kanisani, yuko kwenye cherehani, lakini hakuwa ameweka kitambaa.

Mdogo wangu hakuketi. Alisimama mbele yake kama siku alizopimwa.

"Ni walewale," alisema. "Hawana watoto. Ni walewale walioimba."

"Najua," Mama alisema.

"Umejuaje? Hukuona."

Mama akatazama mikono yake. "Siku baba yenu anaondoka Morogoro tulikwenda stesheni, sisi kinamama wote wa Kiganda na wa wapi na wapi. Wakapanda. Walikuwa vijana, baba yenu alikuwa na miaka sawa na ya dada yako sasa. Mtu mmoja akaanza kulia. Nikaona aibu, nikaanzisha wimbo. Mimi ndiye niliyeanzisha."

Nilikuwa sijui. Nilikuwepo stesheni ile, nadhani, mgongoni kwa mtu fulani, na nilikuwa sijui.

"Mama," mdogo wangu alisema, na sauti yake ikavunjika kama ya mvulana, "wale wa ukutani uliwaambia washuke. Wiki nzima nakupitia hapa. Mimi mbona hujaniambia?"

Nikaona mdomo wa Mama unafunguka: sasa, sasa atasema. Akaufunga.

"Siwezi," alisema. "Nikikuambia wewe usiende, nitakuwa nimemwambia baba yako kwamba alikufa bure. Siwezi kumfanyia hivyo. Wale si wangu. Wewe ni wake."

Mdogo wangu aliinamisha kichwa. Nilimwona anaanza kukubali, mabega yanashuka, na nilijua kwamba akigeuka sasa kwenda chumbani, kesho atapanda lori. Mimi sina subira. Sikuwahi kuwa nayo.

"Alikufa bure," nikasema.

Wote wakanitazama.

"Baba alikufa bure. Tungekuwa naye hapa tungekuwa tunagombana naye kuhusu chumvi. Wewe usiende."

Hakuna aliyewahi kusema hivyo katika nyumba ile. Nilitamani niongeze neno la kulainisha, nikalitafuta, halikuwepo. Mama alisimama taratibu, akafunika cherehani kwa kitambaa chake ingawa jua lilikuwa bado halijatua, akaingia chumbani mwake na kushusha pazia.

Lori lilikuja Jumatatu na likaondoka bila yeye. Tulilisikia kutoka nyumbani, vijana wakiimba nyuma. Mdogo wangu alikuwa amekaa kizingitini amevaa moja ya zile suruali mpya. Baadaye alipata kazi, akaoa, ana watoto wakubwa wanaobishana naye, na bado anakula amesimama. Hajawahi kunishukuru. Siku moja aliwahi kuniambia kwamba katika lile lori mlikuwa na rafiki yake, yule aliyempa shati, na kwamba mimi sijui ni kitu gani kubaki. Nikamwambia kweli sijui. Rafiki huyo hakurudi.

Mama alinisemesha kuhusu maji, mkaa na nguo za watu. Kwa mengine alipitia kwa mdogo wangu: "Mwambie dada yako chakula tayari," nami niko hapohapo mbele yake na sahani mkononi. Iliendelea hivyo muda mrefu, kisha ikaisha bila kutangazwa, kama mambo mengi ya nyumbani yanavyoisha, tukarudia kucheka na kuwateta majirani. Lakini lile jambo hatukuligusa. Miaka ikapita, Kampala ikajaa magorofa, Kiswahili changu kikazoeleka sokoni mpaka wakaanza kunipunja. Nilifurahi siku hiyo, nikaenda kumwambia Mama, akacheka mpaka akakohoa.

Kikohozi hicho ndicho kilichomlaza. Hospitalini, mchana mmoja, wagonjwa wengine wakiwa wamelala, aliniambia nimgeuze upande wa dirisha. Nilipomaliza hakuuachia mkono wangu.

"Lile ulilosema juu ya baba yenu," alisema. "Bado unasema hivyo?"

Ningeweza kumdanganya. Mtu yeyote angemdanganya, na nilitaka sana, machozi yalikwishanijaa. Lakini alikuwa ananitazama macho makavu, kama anayeuliza kama mlango umefungwa.

"Bado, Mama," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali.

"Na mimi nilijua," akasema. "Palepale stesheni, kabla treni haijaondoka, nilijua. Ndiyo maana niliimba kwa nguvu vile."